Maana ya uchakavu na amotaizesheni katika hesabu za kampuni

Chukua kampuni ya Nungwi, Zanzibar, inayopeleka watalii kuogelea kisiwa cha Mnemba. Januari imenunua boti ya faiba pamoja na mashine zake mbili kwa shilingi milioni 42, na pesa zimetoka benki siku hiyohiyo. Zote zikikatwa kwenye mapato ya mwaka huo, hesabu zitaonyesha hasara kubwa, na miaka inayofuata itaonyesha faida nono kana kwamba boti inabeba watalii bure. Picha zote mbili si za kweli. Uchakavu ni kuigawa ile bei kwa miaka yote ambayo boti itafanya kazi, kila mwaka ubebe fungu lake.

Kwa mali zinazoshikika, yaani majengo, boti, majenereta, viyoyozi na vitanda, fungu hilo huitwa uchakavu. Kwa mali zisizoshikika, kama programu ya kompyuta iliyonunuliwa au leseni ya miaka kadhaa, huitwa amotaizesheni. Msingi wa hesabu ni mmoja.

Wenye biashara wengi huteleza mapema hapa: wanadhani uchakavu ni pesa zilizowekwa pembeni za kununulia boti mpya. Hakuna akaunti wala sanduku la namna hiyo. Mhasibu akiandika uchakavu wa milioni 6, hakuna hata shilingi iliyohama. Ndiyo maana katika taarifa ya mtiririko wa fedha utakuta uchakavu unarudishwa juu ya faida: ulipunguza faida lakini haukugusa pesa. Kama pesa hizo zimeshajengewa baraza ya mgahawa, siku mashine zikifa hazipo. Vilevile thamani ya vitabuni, yaani gharama ukitoa uchakavu uliokwisha kuandikwa, si bei ya sokoni. Ni sehemu ya gharama ambayo bado haijagawiwa, basi.

Kukokotoa: boti na mashine zake

Unahitaji vitu vitatu: gharama, muda wa matumizi na thamani ya masalio, yaani kiasi unachotarajia kupata ukiiuza mali baada ya kuitumia.

Gharama si bei ya dukani peke yake. Ndani yake mna nauli ya meli, ushuru wa forodha, gharama za bandarini, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa kampuni hairudishiwi, na ufungaji mpaka chombo kiwe tayari kwa kazi. Kumfundisha nahodha, matangazo na sherehe ya kuzindua havimo. Hivyo ni matumizi ya mwaka huo. Kadhalika mafuta na sevisi za kawaida.

Kiwango cha kimataifa cha mali zinazoshikika, IAS 16, kinataka sehemu kubwa zenye maisha tofauti zihesabiwe mbalimbali. Tuseme katika milioni 42, bodi ni milioni 24, itadumu miaka 10 na masalio yake ni milioni 4. Mashine mbili ni milioni 18, zitadumu miaka 4 na masalio yake ni milioni 2. Kwa njia ya mafungu sawa:

Bodi: (24 − 4) ÷ 10 = milioni 2 kwa mwaka.
Mashine: (18 − 2) ÷ 4 = milioni 4 kwa mwaka.

Jumla ni milioni 6 kwa mwaka. Sasa tazama anayeunganisha kila kitu kwa miaka 10 na masalio ya milioni 4: anapata milioni 3.8. Faida yake inapambwa kwa milioni 2.2 kila mwaka, na baada ya miaka minne ameandika uchakavu wa milioni 15.2 badala ya 24. Mashine zikifa mwaka wa nne, tofauti ya milioni 8.8 bado imo vitabuni kama mali, na itabidi ifutwe kwa mkupuo. Mwaka huo utalaumiwa kwa gharama ambazo miaka mingine ilizikwepa. Ni hivyohivyo kwa hoteli ya ufukweni: kuta za mawe na paa la makuti haviwezi kuwa na umri mmoja. Wala viyoyozi vya Paje havidumu sawa na viyoyozi vya mjini Dodoma, kwa sababu chumvi ya bahari inakula bati na mabomba. Kunakili muda wa matumizi kutoka hesabu za kampuni ya bara ni uvivu ambao baadaye unalipiwa.

Uchakavu unaanza pale mali inapokuwa tayari kutumika, hata kama mgeni wa kwanza hajafika. Na hausimami masika. Hoteli ikifunga Aprili na Mei, majengo na vifaa vinaendelea kuandikiwa uchakavu, maana muda unapita na kutu haipumziki.

Inapofaa njia nyingine

Mafungu sawa yanatosha kwa vitu vingi. Njia ya salio linalopungua inakata asilimia ya thamani iliyobaki, kwa hiyo miaka ya mwanzo inabeba zaidi. Inafaa kwa kitu kinachofanya kazi nzito kikiwa kipya, kisha kinalegea.

Njia ya kiasi cha kazi haitumiki sana, nayo Pemba ina mahali pake. Karafuu haziji sawasawa: mwaka huu mikarafuu inaelemewa, mwaka ujao unatafuta konyo, yaani kikonyo cha karafuu, kwa tochi. Tuseme mtambo wa kukamua mafuta ya makonyo umegharimu milioni 60, hauna masalio, na unatarajiwa kukamua tani 3,000 katika maisha yake. Kila tani inabeba shilingi 20,000. Mwaka wa tani 400 unabeba milioni 8. Mwaka wa tani 90 unabeba milioni 1.8. Lakini uchakavu ufuate kazi ya mtambo, yaani tani. IAS 16 hairuhusu kuufuatisha na mapato ya mauzo, kwa kuwa bei ya mafuta ikipanda mtambo hauchakai zaidi.

Mikarafuu yenyewe je? Tangu 1 Januari 2016, miti inayozaa mazao kwa miaka mingi inahesabiwa chini ya IAS 16 kama mtambo. Gharama za miche, kupanda na kupalilia zinajumlishwa wakati mti unakua, na uchakavu unaanza mti ukifika umri wa kuzaa. Karafuu zilizo mtini ni suala jingine: hizo hupimwa kwa thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza, na hazina uchakavu.

Ardhi haichakai. Ila Zanzibar, kwa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi ni mali ya umma, na wawekezaji wanaishika kwa mkataba wa kukodi wenye mwisho. Haki hiyo ya kukodi inagawiwa kwa miaka ya mkataba. Ukijenga nyumba inayoweza kudumu miaka 40 juu ya kiwanja chenye miaka 20 iliyobaki, bila uhakika wa kuongezewa, basi kwa hesabu nyumba hiyo ina miaka 20.

Amotaizesheni

Hoteli ikinunua programu ya kupokea nafasi za wageni kwa milioni 15, yenye leseni ya miaka 5, amotaizesheni ni milioni 3 kwa mwaka. Masalio huchukuliwa kuwa sifuri, isipokuwa kuna mtu aliyejifunga kuinunua mwishoni au kuna soko hai la mali ya aina hiyo. Programu inayolipiwa mwezi kwa mwezi si mali yako. Ni gharama ya kawaida, na kuiweka kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, ni kosa.

Jina zuri mlilojijengea wenyewe haliingii vitabuni hata likijulikana dunia nzima. Lakini ukinunua biashara ya mtu kwa bei iliyozidi thamani halisi ya mali zake ukitoa madeni, ziada hiyo inaandikwa kama nemsi. Kwa viwango kamili vya kimataifa nemsi haina amotaizesheni. Inapimwa kila mwaka kuona kama imeporomoka. Kwa kiwango cha biashara ndogo na za kati inagawiwa kwa miaka, isiyozidi 10 pale muda wake usipokadiriwa kwa uhakika. Kabla ya kulinganisha kampuni mbili, angalia kila moja inatumia kiwango kipi.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wana hesabu yao

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina viwango vyake. Kompyuta na magari madogo hukatwa asilimia 37.5 ya salio, vyombo vya majini asilimia 25, samani za ofisi asilimia 12.5, na majengo ya kawaida asilimia 5 kwa mafungu sawa. Sheria haijali umri uliokisia wewe.

Kwa boti yetu, TRA wanaruhusu milioni 10.5 mwaka wa kwanza, vitabu vinasema 6. Mwisho wa mwaka thamani ya vitabuni ni milioni 36 na thamani ya kikodi ni 31.5. Tofauti ya milioni 4.5, kwa kodi ya asilimia 30, ni milioni 1.35 ya kodi iliyoahirishwa: hukuilipa leo, utailipa baadaye. Wapo wahasibu wanaochukua viwango vya TRA na kuviweka moja kwa moja vitabuni ili waepuke kazi hii. Matokeo yake ni hesabu zinazowafaa watu wa kodi tu.

Makadirio yanapokwenda kombo

Umri ni makisio, na lazima upitiwe upya kila mwisho wa mwaka. Baada ya miaka miwili mashine zina thamani ya vitabuni ya milioni 10. Fundi akisema zimebakiza mwaka mmoja tu, mwaka wa tatu unabeba 10 − 2 = milioni 8. Miaka iliyopita haifumuliwi. Ukiuza bodi baada ya miaka 6, ikiwa na milioni 12 vitabuni, kwa milioni 9, unaandika hasara ya milioni 3.

Na yapo mapigo yasiyosubiri ratiba. Mwaka 2020 watalii walipokatika, kampuni zilipaswa kujiuliza kama mali zao bado zingerudisha thamani iliyoandikwa. Kama haziwezi, thamani inashushwa mara moja, mbali na uchakavu wa kawaida.

Soma maelezo ya nyuma

Katika taarifa ya faida na hasara uchakavu ni mstari mmoja. Undani wake umo kwenye maelezo ya hesabu, katika jedwali la mali: gharama mwanzoni mwa mwaka, zilizonunuliwa, zilizouzwa, uchakavu uliolimbikizwa, thamani ya vitabuni.

Tuseme unataka kununua nyumba ya wageni. Jedwali linaonyesha vifaa vya gharama ya milioni 310 na uchakavu uliolimbikizwa wa milioni 263: asilimia 85 ya gharama imeshatumika. Uchakavu wa mwaka ni milioni 38 na vifaa vipya vilivyonunuliwa ni vya milioni 9: vinavyochakaa havinunuliwi vingine. Muuzaji atakutajia faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na amotaizesheni, kwa sababu ndiyo inayopendeza. Muombe rejesta ya mali, yenye tarehe ya kununuliwa kwa kila kitu na mahali kilipo, kisha zunguka nayo vyumbani. Mara nyingi utakuta jenereta lililokwishauzwa bado linaandikiwa uchakavu, na viyoyozi vilivyofika sifuri vitabuni bado vinanguruma ukutani. Hivyo vya pili ndivyo vya kuhesabu, kwa idadi na bei ya leo ya vipya, kabla hamjakaa kuzungumza bei.