Je, wajua kwa nini daftari la hospitali huhitaji daftari la kijiji?

Mwezi huu kituo cha afya kimeandika wagonjwa 40 wa malaria. Mwezi ujao, 80. Je, malaria imeongezeka maradufu? Si lazima. Pengine dawa zilizokuwa zimekwisha zimefika, habari zikaenea, watu wakaja. Daftari la kituo linamjua aliyefika tu. Aliyenunua vidonge dukani halimjui, wala aliyefia nyumbani. Kwa hesabu ya sehemu tuliyofunzwa shuleni, hospitali inatupa kiasi, namba ya juu, lakini asili, namba ya chini, iko kijijini: wangapi wanaishi pale, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki.

Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walianza mwaka 1989 kuhesabu watu nyumba kwa nyumba na kuwapima damu. Walipooanisha majibu ya vipimo na orodha ya vifo, picha ilikuwa ya kutisha: waliokuwa na VVU hawakufika hata mtu mzima 1 kati ya 10, lakini vifo vingi vya watu wa miaka 13 hadi 44 vilikuwa vyao. Hakuna wodi ambayo ingeonyesha hilo peke yake.

Katika kuoanisha daftari la hospitali na la kijiji, kazi ngumu ni kumtambua mtu. Kwa Baganda, pacha wa kike ni Babirye na Nakato, wa kiume Wasswa na Kato, kwa hiyo foleni moja yaweza kuwa na akina Nakato watatu. Hospitalini mmoja ameandikwa Mariam Nakato, kijijini Nakato Maliyamu. Bibi hajui mwaka aliozaliwa. Karani huyu anakadiria hivi, yule vile. Kompyuta basi hulinganisha jina, jinsia, umri, kijiji, hata majina ya wanaoishi naye. Ikiunganisha watu wawili tofauti, marehemu anabebeshwa ugonjwa usio wake. Ikishindwa kumtambua mmoja, aliyetibiwa anahesabiwa kuwa hakutibiwa kamwe.

Wakishaoanishwa, majina huondolewa na kuwekwa namba. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la pekee, na ni haki kabisa. Lakini namba pekee haitoshi. Ukiandika “mwanamke wa miaka 93, ana VVU” na kutaja kijiji chake, kijiji kizima kimeshamjua. Ndiyo maana watafiti makini hutaja rika badala ya umri, na wilaya badala ya kijiji.