30 na 40 zikileta 50, mita haijaharibika

Nimeulizwa tena: “Resista inasoma volti 30, koili 40, mbona chanzo kinasoma 50 badala ya 70? Kanuni ya Kirchhoff haifanyi kazi kwenye AC?” Kanuni hiyo, kwamba volteji za vifaa kwenye kitanzi hujumlika kuwa ya chanzo, inafanya kazi hata kwenye AC, yaani mkondo unaogeuka mwelekeo kila mara. Na mita ni nzima. Kosa ni kujumlisha volteji ambazo hazifiki kileleni pamoja, na kosa hili limewafanya wengi waiogope AC bure.

Kuchora fasori, yaani mishale inayoonyesha ukubwa na pembe ya kila volteji, ni kwepesi. Saketi ya mfululizo ina mkondo mmoja kotekote, kwa hiyo laza mshale wake kulia. Volteji ya resista inalala juu yake. Ya koili inautangulia kwa nyuzi 90, inasimama wima. Pembetatu ya 30, 40, 50. Basi.

Kinachorukwa ni hiki: mita inakupa RMS (kwa wimbi la saini, kilele kugawanya kwa 1.414), namba iliyokwisha kupoteza habari za wakati, ilhali Kirchhoff anasema juu ya kila papo. Chukua papo ambapo mkondo uko kileleni. Resista ina volti 42.4, koili sifuri. Chanzo, ambacho kilele chake ni 70.7, papo hapo kina 42.4 zile zile. Sasa rudi nyuma robo mzunguko: resista sifuri, koili 56.6, chanzo 56.6. Chagua papo lolote upendalo, hesabu itakubali. Fasori inahifadhi pembe, ndiyo hiyo mita iliyoitupa.

Asiyeamini aongeze kapasita. Resista ikiwa omu 30, koili na kapasita zikiwa na riaktansi (upinzani wake kwa AC) ya omu 40 kila moja, mishale yao miwili inapingana na kufutana. Mkondo unapanda hadi ampea 1.67, na koili na kapasita kila moja inabeba volti 66.7, zaidi ya chanzo chenyewe! Ukichagua kapasita ya volti 50 RMS kwa kuwa chanzo ni 50, umeiua.

Lakini ule mshale wima wa koili haujawahi kuniridhisha. Waya wake una ukinzani, kwa hiyo koili halisi haifiki nyuzi 90. Pima volteji zote tatu, upate pembe kwa kanuni ya kosaini. Na mchoro mmoja ni wa wimbi la saini la masafa mamoja, saketi ikiwa imeshatulia. Mkondo wa rektifaya (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC) una hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye masafa yaliyo vizidishe vya yale ya msingi: kila masafa yapewe mchoro wake, kisha ujumlishe miraba ya RMS zake na kutafuta kipeuo.