Utendaji wa misuli si nguvu ya misuli

Jumamosi asubuhi katika msitu wa Karura, mwalimu wetu wa mazoezi alitueleza kwa mara nyingine kwamba mtu akiongeza kasi ya kutembea, "nguvu ya misuli inapanda". Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na kila ninapoisikia najua kwamba alichokusudia ni utendaji.

Utendaji wa misuli ni kiasi ambacho neva zinauamsha msuli ili ujikaze. Hupimwa kwa vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi, navyo hunasa umeme mdogo unaotokea msuli unapoamshwa.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Limetokana na kitenzi "tenda", kilichotupa pia kitendo, mtendaji na hata hilo neno kitenzi. Kiambishi "-aji" hutaja kufanya jambo, wala hakiahidi kwamba jambo hilo litazaa matunda. Ndiyo maana tunaweza kuwa na afisa mtendaji ambaye kutwa nzima yuko mbioni na barabara ya mtaa imebaki na mashimo yaleyale. Nguvu ni habari nyingine: ni ule msukumo unaofika ardhini.

Wengi wetu, tukiachwa tuchague wenyewe, hutembea kwa kasi ya kilomita 5 kwa saa hivi. Tukiikaribia kilomita 7, mwili huanza kutamani kukimbia, na wa kwanza kulalamika huwa ni msuli ulio kando ya muundi, yaani ule mfupa wa mbele unaogonga meza gizani. Ukitaka kuujua, keti, kisigino kikae sakafuni, weka kiganja upande wa nje wa muundi, kisha inua vidole vya mguu: utausikia ukiwa mgumu chini ya mkono wako. Kazi yake ni kuinua wayo usikwaruze ardhi mguu unapopita mbele, na kuuzuia usijibamize chini kisigino kinapotua. Kasi ikiongezeka, kazi hizo mbili zinabanwa katika muda mfupi zaidi, na utendaji wake unapanda sana. Anayechelewa kazini jijini Nairobi akatoka kituo cha mabasi cha Kencom hadi mtaa wa Upper Hill kwa miguu bila kukimbia anaufahamu mchomo huo.

Misuli ya shavu la mguu, ile inayotusukuma mbele, ndiyo inayoivunja kabisa kauli ya mwalimu. Kasi ya kutembea inapozidi kile kiwango cha kutamani kukimbia, umeme wake unaendelea kupanda ilhali msukumo wake unapungua, kwa sababu msuli unaolazimika kujikunja haraka hutoa nguvu ndogo kuliko unaojikunja polepole, hata ukiamshwa kwa bidii ileile. Mtu akianza kukimbia kwa kasi hiyohiyo, misuli hiyo hupata nafasi ya kujikunja polepole zaidi, na msukumo unarudi.

Kwa hiyo, mwalimu, Jumamosi ijayo ukitupandisha kile kilima tuambie kwamba misuli inatenda zaidi, nasi tutakuamini bila swali. Hiyo nguvu iache kwanza, hasa mbele ya wale wenzetu ambao huwa wamekwisha kuketi kwenye benchi wakijikanda miundi.