Uchunguzi wa waleti iliyoibiwa maana yake nini hasa

Wengi wakisema wamechunguza kripto yao ilivyoibiwa wanamaanisha kitu kimoja tu: wameingia kwenye tovuti ya kuangalia miamala, wamepesti adresi yao (ile namba ya kupokelea kripto), wameona hela imeruka kwenda adresi fulani, pale ikagawanyika, mbele kidogo ikaingia soko fulani la kripto, basi. Hiyo inaitwa kufuatilia hela. Ni kazi ya maana lakini inajibu swali moja tu, hela imeenda wapi, wakati swali ambalo ndo uchunguzi wenyewe bado liko palepale: mwizi alipitia wapi? Leja ya umma, yaani kile kitabu cha wazi cha miamala yote, haina hilo jibu hata ukikesha nayo. Jibu liko kwenye simu yako, kwenye laptop, kwenye picha zako, kwenye zile aplikesheni ulizowahi kujaribu ukazisahau.

Tuanze na waleti yenyewe maana hapa ndo watu wanapopotea. Waleti ya programu, yaani hii ya kwenye simu, au ekstensheni ya brauza, au ile ya kompyuta kama Electrum, haina sarafu yoyote ndani yake. Sarafu ziko kwenye leja, waleti inashika tu ufunguo wa siri unaosaini, yaani kuidhinisha, miamala, na kwenye waleti nyingi funguo zote zinazaliwa na yale maneno 12 au 24 uliyopewa siku ya kwanza, yaliyochaguliwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Mwenye maneno ndo mwenye mali, hakuna wa kumpigia akurudishie muamala kama ulivyozoea ukikosea namba kwenye M-Pesa. Kwa hiyo mtu akisema waleti yake "imedukuliwa", ama maneno yamevuja, ama alisaini mwenyewe kitu asichokielewa, ama, mara chache sana, maneno yenyewe yalikuwa mabovu tangu siku ya kwanza. Uchunguzi ni kujua ni ipi kati ya hizo, na unaendelea kwa kuondoa kimoja kimoja.

Ila kabla ya yote hakikisha kweli umeibiwa, usicheke, hii inatokea sana. Bitcoin haimegi hela, inatumia kile kiasi kizima ulichowahi kupokea na kinachobaki kinarudi kwako kama chenji, mara nyingi kwenye adresi mpya ambayo hujawahi kuiona, sasa mtu akiangalia adresi yake ya zamani anakuta sifuri na muamala unaoonyesha salio lote limeondoka kwenda kwa asiyemjua, kumbe ni yeye mwenyewe. Vilevile ukirudisha maneno yako kwenye waleti ya kampuni nyingine inaweza kukuonyesha sifuri kwasababu inazalisha adresi kwa njia tofauti na ile ya mwanzo. Hela ipo, unaangalia mlango mwingine tu.

Ukishajiridhisha kwamba imeibiwa kweli, swali la kwanza ni nani alisaini. Chukua mfano wa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata dola, iliyokuwa kwenye mtandao wa Ethereum. Fungua ule muamala uliohamisha hela, angalia adresi iliyouanzisha. Kama ni yako, basi umesainiwa kwa ufunguo wako, ama mwizi anao ama ulibonyeza mwenyewe. Kama aliyeuanzisha ni adresi usiyoijua, na ndani yake unaona mkataba wa kidijitali, yaani programu inayojiendesha kwenye leja, unatoa USDT kwako na kuipeleka kwake, hapo kwa kawaida ufunguo haujaguswa, bali uliwahi kutoa ruhusa ya kuhamisha tokeni zako (sarafu kama hiyo USDT) kwenye tovuti fulani, labda ya kugawa tokeni za bure, na ruhusa ile haikuwa na kikomo. Dalili inayothibitisha ni Ether yako, sarafu ya Ethereum yenyewe, ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala: kama ipo palepale haijaguswa basi ni ruhusa, maana ruhusa ya tokeni haiwezi kuhamisha Ether, wakati mwizi mwenye ufunguo huwa haachi kitu. Na kwa baadhi ya tokeni nyingine usishangae usipouona muamala wowote wa kutoa ruhusa kwenye historia yako, kuna saini zinazotolewa nje ya leja na mwizi anakuja kuziwasilisha mwenyewe baadaye, hizo zinachanganya hata wazoefu.

Kama ulituma mwenyewe napo kuna njia mbili za kuangalia haraka. Kuna virusi vinavyokaa kimya kwenye kompyuta vikisubiri ukopi adresi ya kripto, ukipesti vinaweka adresi ya mwizi, kwa hiyo kiasi kilichopotea ni kile tu ulichokuwa unatuma na salio lililobaki liko salama. Alafu kuna wale wanaokutumia muamala wa sifuri kutoka adresi iliyofanana na unayoitumia kila siku herufi za mwanzo na za mwisho, wakitegemea utaikopi kutoka kwenye historia. Mei 2024 mtu mmoja alituma hivyo WBTC 1,155 (tokeni inayofuata thamani ya Bitcoin), kama dola milioni 68 kwa bei ya siku hiyo, na ana bahati mwizi alirudisha sehemu kubwa baada ya kusakamwa.

Kilichochukuliwa na kilichoachwa kinaongea kuliko chochote. Kama Bitcoin, Ethereum na Tron zote zimesombwa ndani ya dakika chache, na zote zilitoka kwenye maneno yaleyale 12, basi ni maneno yamevuja. Kama imesombwa akaunti moja tu uliyoiingiza kwa ufunguo wake peke yake, fuata ufunguo ule. Na kitu kimoja watu wanakosea sana ni muda, wanang'ang'ania walichokifanya jana yake, "nilifungua linki fulani usiku", kumbe mwizi anaweza kukaa na maneno yako miezi akisubiri salio likue, au aliyeyaiba sio aliyechukua hela, aliyauza tu kwa mwingine.

Kwa hiyo kazi kubwa, na kwangu mimi ndo moyo wa uchunguzi, ni kuandika historia ya yale maneno: yalizaliwa kwenye kifaa gani, programu gani, yaliandikwa wapi, yalipigwa picha, yaliingizwa kwenye waleti gani nyingine hata kwa dakika tano. Agosti 2022 waleti zaidi ya 9,000 za Solana, mtandao mwingine wa kripto, zilisombwa kwa masaa machache, kama dola milioni 4 hivi, na mwanzoni kila mtu akadhani Solana yenyewe imevunjwa, maana waathirika walikuwa na waleti tofauti tofauti, wengine Phantom, wengine Slope. Hebu fikiria wewe unatumia Phantom, hujabonyeza linki yoyote, simu safi. Wachunguzi walipowauliza watu historia ya maneno yao ikaonekana adresi zilizoibiwa zilikuwa zimewahi kuundwa, kuingizwa au kutumika kwenye aplikesheni ya simu ya Slope, na hiyo aplikesheni ilikuwa inatuma maneno ya wateja yakiwa wazi kabisa kwenye seva ya kukusanya ripoti za hitilafu. Hakuna mtu angeliona hilo kwa kutazama miamala tu.

Electrum nayo ina kisa chake, Desemba 2018. Wezi walifungua seva zao nyingi kwenye mtandao wa Electrum, waleti yako ikiunganishwa na moja wapo kwa bahati mbaya, ukijaribu kutuma muamala unagoma na unakuja ujumbe ndani ya waleti yenyewe, sio imeili, kwamba toleo lako limepitwa na wakati, apdeti hapa, na linki inakupeleka GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, kwenye programu feki. Zaidi ya bitcoin 200 zilienda ndani ya siku chache. Na 2020, wakati tundu lilishazibwa kwenye matoleo mapya, jamaa mmoja ambaye waleti yake ilikaa bila kuguswa tangu 2017 alifungua toleo lilelile la zamani akapoteza bitcoin 1,400. Ndo maana mchunguzi anauliza namba ya toleo na faili la usakinishaji lilitoka wapi, na kama faili bado lipo kwenye folda ya vilivyoshushwa usilifute, saini yake ya kidijitali inaweza kukaguliwa kama ni ya watengenezaji kweli.

Skrinshoti je? Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kuhusu virusi walivyoviita SparkCat, vilikuwa ndani ya aplikesheni za Google Play na App Store zenyewe, mojawapo ya kuagiza chakula iliyokuwa inatumika Imarati na Indonesia. Inakuomba ruhusa ya picha kwa sababu inayoeleweka, alafu inasoma maandishi ndani ya picha zako ikitafuta maneno ya waleti. Zile za Google Play zilishushwa zaidi ya mara 242,000. Kwa hiyo "simu yangu haina aplikesheni za nje" sio ushahidi wa kitu. Na picha ikishapanda klaudi basi akaunti ya klaudi nayo inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, angalia ni vifaa gani vimeingia humo na lini.

Linabaki lile la maneno mabovu tangu siku ya kwanza. Julai 2023 watu waliotengeneza maneno yao kwa utaratibu wote, kwenye laptop isiyo na intaneti, waliibiwa. Walichofanana ni programu moja, Libbitcoin Explorer, ambayo toleo lake la 3 lilikuwa linachagua maneno kwa bahati nasibu dhaifu inayotegemea saa ya kompyuta, kwa hiyo uwezekano ulikuwa kama bilioni 4.3 tu, namba kubwa kwetu sisi lakini kwa kompyuta ni kazi ndogo. Kisa kinaitwa Milk Sad kwasababu ukiiwekea saa ya sifuri, maneno mawili ya kwanza yanayotoka ni hayo. Zaidi ya dola laki tisa zilienda, na wale watu wasingekuja kujua bila kukutana na kulinganisha historia zao.

Sasa ukiwa katikati ya hili balaa, kosa linaloumiza uchunguzi kuliko yote ni kuformati kompyuta siku hiyohiyo kwa hasira. Itoe kwenye intaneti, iache kama ilivyo, kilichobaki kihamishie kwenye waleti yenye maneno mapya iliyoundwa kwenye kifaa kingine. Na usitume gesi kwenye waleti iliyovuja ili uokoe tokeni zilizobaki, mara nyingi kuna roboti inaisubiri na inaisomba kabla hujabonyeza tena.

Watakuja pia wa DM, "nimesaidiwa na mtaalamu huyu akarudisha zote", hao ni wezi wa awamu ya pili, muamala wa Bitcoin uliothibitishwa hakuna anayeurudisha. Kinachowezekana kweli ni kidogo: USDT na USDC, nayo sarafu inayofuata dola, zinaweza kufungwa na kampuni zinazozitoa, na hela ikiingia soko lenye vitambulisho vya wateja soko linaweza kuishikilia, ila kwa kawaida wanataka ombi la polisi, sio meseji yako. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana yao ya 2018, kwa hiyo una pa kuanzia. Peleka namba za miamala, adresi zote mbili, yako na ya mwizi, tarehe na saa, na adresi ya soko hela ilipoingia. Hapo unahesabu masaa, sio wiki, kwa hiyo faili hilo liende kwanza, historia ya maneno utaiandika ukiwa umetulia.