Dunia si kipande cha Jua
Juzi ufukweni Bagamoyo, mzee mmoja akishona wavu uliochanika aliniambia: "Mwanangu, dunia ni kipande cha jua kilichopoa." Wengi tunaamini hivyo. Wazo hilo ni la Buffon, Mfaransa aliyedai mwaka 1749 kwamba nyota yenye mkia iligonga Jua, likamegeka. Lakini gesi ya moto mkali hivyo ingetawanyika kabla ya kuganda. Jua na sayari ni ndugu, si mzazi na watoto: vilitokana na wingu moja la gesi na vumbi, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Hali kama hiyo imeonekana kwingine angani: mwaka 2014 darubini za ALMA, nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri. Vumbi limeizunguka pete kwa pete, kama ukili wa kitanga.