Je, wajua kwa nini kwenye picha ya rangi ya mafuta uso unakauka na kanzu bado mbichi?

Mwaka jana kijana mmoja hapa Kampala alinipa oda ya picha ya baba mkwe wake mtarajiwa, alikuwa anaenda kwanjula, yaani kutambulishwa rasmi ukweni, na alitaka aipeleke pamoja na zawadi zingine. Mzee amekaa kwenye kiti, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, na ule uzi mwekundu wa shingoni hadi kifuani ambao Waganda wanauita omuleela. Zilikuwa zimebaki wiki 3. Nikamwambia kaka, wiki 3 ni chache kwa rangi ya mafuta, tufanye ya akriliki, ile rangi ya kuchanganya na maji, akakataa kabisa, ameona ya mafuta kwa rafiki yake na anataka ileile. Nikakubali. Nikapiga kazi, nikamaliza siku 6 kabla ya sherehe.

Ijumaa usiku alikuja kuichukua, mvua inanyesha, na huko njiani akaifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, isilowane, akapanda nayo boda mpaka kwake. Asubuhi wakaifungua. Jumatatu akanirudishia.

Kaveera lilikuwa limenata kwenye kanzu. Walipolivuta liliondoka na rangi, na pale lilipokuwa limelala tu lilikuwa limeacha mikunjo yake yote, vimistari vidogo vidogo vimejichora kwenye weupe kuanzia begani mpaka magotini. Koti limechafuka pembeni. Wekundu wa omuleela umevutwa ukaingia kwenye kifua cha kanzu kama upana wa vidole viwili. Lakini uso ulikuwa mzima kabisa, mikunjo ya paji la uso ipo, mng'ao wa macho upo, hata mikono iliyoshika fimbo haikuguswa. Yule kijana akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na kastoma wengi ila hakuna aliyewahi kuliuliza vizuri kama yeye, akasema, "Kaka, hii si picha moja? Si ulipaka siku zilezile, ikakaa nyumba hiyohiyo? Sasa mbona uso umekauka na kanzu bado?"

Nilimjibu pale pale lakini kwa haraka, na jibu lenyewe linataka nafasi, ndo maana naandika hii.

Kwanza tuelewane hiki kitu tunachoita kukauka. Nguo ukiianika maji yanatoka yanapanda hewani, nguo inabaki nyepesi, basi. Watu wengi wanafikiri rangi ya mafuta ni hivohivo, kwamba kuna maji fulani ndani yanatakiwa yatoke, ndo maana wananiambia weka juani, washa feni, itakauka kesho. Rangi ya mafuta haikauki kwa kutoa maji. Yenyewe inaingiza. Rangi ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, mara nyingi mafuta ya mbegu za kitani, na hayo mafuta yanavuta oksijeni kutoka kwenye hewa, halafu chembe zake zinaanza kushikana moja na nyingine, zinasukana kama mkeka, mpaka yale yaliyokuwa maji maji yanakuwa ngozi ngumu ambayo hairudi tena kuwa mafuta hata ufanyeje. Na kwa kuwa inaingiza hewa, rangi ikiwa inakauka uzito wake kwanza unaongezeka. Mimi nilipoambiwa hilo mara ya kwanza sikuamini, aliyeniambia ni mkubwa mmoja aliyesoma Makerere, kwenye ile shule ya sanaa ambayo Margaret Trowell aliianzisha mwaka 1937 barazani kwake, na yule mkubwa hakunipa kitabu, alinipeleka barabarani kwa muuza rolex, zile chapati zinazokunjwa na mayai.

Akaniambia angalia hicho chuma cha kuchomea chapati. Pembeni, pale mafuta yanapotapakaa kila siku na hakuna anayepasugua, kulikuwa na kitu cha njano kinaelekea kahawia, kinang'aa, kigumu, ukikwaruza kwa kucha kinatoka kidogo sana. Hata kikaango chako nyumbani kigeuze uangalie mgongoni utakiona. Hayo yalikuwa mafuta. Moto umeyaharakisha, ila kilichotokea pale na kinachotokea kwenye kanvasi yangu ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa sio kila mafuta yanaweza hii kazi bila moto. Kitani yanaweza, ya jozi yanaweza, ya mbegu za popi yanaweza pia ila polepole. Mawese hapana, zeituni hapana, karanga hapana. Tofauti iko kwenye umbo la zile chembe, za kitani zina sehemu nyingi zilizo wazi tayari kushikana, za mawese zina chache mno. Kuna kijana alikuwa anajifunza kwangu, tyubu zilikuwa ghali kwake, akanunua unga wa rangi akachanganya na mafuta ya kupikia. Picha nzuri tu, ya soko. Baada ya miezi 5 ukiigusa unatoka na nyanya kwenye kidole. Ilibidi aikwangue yote, na iliniuma manake alikuwa amefanya kazi kweli.

Turudi kwenye kanzu. Kama mafuta ndo yanayokauka, na picha nzima imepakwa kwa mafuta, kwa nini sehemu moja iwahi?

Ni kwa sababu ule unga haukai tu pale kuleta rangi, unaingilia kazi ya mafuta. Uso wa yule mzee, kama nyuso zetu nyingi, niliujenga na kahawia za udongo, hasa ile inayoitwa amba. Amba ni udongo wa kweli unaochimbwa, una chuma na una manganizi, na manganizi ina tabia moja, inayasukuma mafuta yavute oksijeni haraka. Haiishi na wala haigeuki, inasimama pale kama nyapara anaharakisha vibarua. Ukipaka amba nyembamba leo, keshokutwa unaweza kuigusa. Kobalti inafanya hivo pia, ndo maana buluu ya kobalti inawahi, na risasi nayo, weupe wa zamani Ulaya ulikuwa wa risasi na ulikauka vizuri sana ila ni sumu, usiutafute.

Kanzu niliipaka na nyeupe ya titani. Hiyo haina nyapara. Na kuna jambo la pili, watengenezaji wa rangi hawapendi kusaga nyeupe na mafuta ya kitani kwa sababu kitani inageuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na njano kwenye kahawia haionekani lakini kwenye nyeupe inaonekana sana, kwa hiyo wengi wanasagia mafuta meupe zaidi kama ya popi, ambayo ndo hayo nimesema yanakauka polepole. Jambo la tatu ni langu mwenyewe, kanzu iliyopigwa pasi ina mikunjo mikali inayoshika mwanga na mimi mikunjo hiyo naipaka nene, brashi imejaa, naiacha isimame. Rangi nene juu inajifunga utando kama chai ya maziwa iliyoachwa, ukiigusa kwa upole unasema imekauka, kumbe chini bado ni siagi. Kaveera lilipokandamiza pale, na joto la mgongo wa mtu aliyekaa kwenye boda, utando ukapasuka.

Koti? Nyeusi niliyotumia inatengenezwa kwa mifupa iliyochomwa, na ni kati ya rangi zinazochelewa kuliko zote. Na omuleela ule niliuchora na nyekundu ya alizarini, maridadi, inaingia ndani kama divai, na nayo inachelewa sana. Yaani ukiangalia vizuri yule mzee alivaa rangi zote za wavivu, na uso peke yake ndo ulipata rangi inayowahi.

Kuna utaratibu ambao wachoraji wameufuata karne nyingi kwa sababu hiyohiyo, kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na kila linalofuata liongezewe mafuta kidogo. La chini nalipunguza na tapentaini, hiyo ndo kweli inapaa hewani kama maji ya nguo, linabaki jembamba na linakauka upesi. Kwenye picha ya mzee nilianza hivo, mchoro wa makaa kwanza kwa kutumia miraba kutoka kwenye picha ya simu, halafu amba nyembamba kutafuta wapi kuna giza wapi kuna mwanga, halafu ndo rangi zenyewe. Ukigeuza ukaweka yenye mafuta mengi chini, ile ya juu inakuwa ngumu wakati ya chini bado inatanuka na kujivuta, na baada ya mwaka au miaka unaona nyufa kama tope la kidimbwi kilichokauka. Nimeziona nyufa hizo kwenye picha za maofisini na kwenye kumbi, nzuri kabisa, zimepasuka kwa sababu mtu alikuwa anakimbizana na tarehe.

Kuhusu makaa, watu wananiuliza kama ni ya sigiri. Hapana, ya jikoni ni ya mti mgumu, yanakwaruza karatasi na yanatoa kijivu kilichochoka. Ya kuchorea yanatoka kwenye vijiti vya mti laini vilivyochomwa bila hewa kuingia, yanateleza na ukipuliza yanaondoka.

Na kwa nini nisichore moja kwa moja kwenye kitambaa? Wapo wanaoniletea olubugo wanataka picha ya mafuta juu yake, na nawaelewa, ni kitu chetu, gome la mti wa mutuba linalopigwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa nguo, UNESCO waliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Lakini mafuta ya kitani yakikauka yanatoa asidi na hiyo asidi inakula nyuzi taratibu, iwe pamba iwe gome, na olubugo inafyonza sana, inakunywa mafuta yote unga unabaki juu mkavu unapukutika. Lazima kuwe na kinga katikati, gundi au rangi nyeupe ya akriliki ya kutangulizia. Kwenye olubugo natumia akriliki yenyewe kwa picha nzima. Hiyo inakauka kama nguo, maji yanatoka na vichembe vya plastiki vinagandana, dakika kadhaa umemaliza, na sio rangi ya maskini kama wengine wanavyodhani, ni ngeni tu, wachoraji walianza kuipata ya kuchanganya na maji miaka ya 1950. Mafuta juu ya akriliki ni sawa, ila akriliki juu ya mafuta usithubutu, itabanduka.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Hapa joto lipo mwaka mzima, hilo linasaidia, lakini miezi ya mvua, kuanzia Machi mpaka Mei na tena kuanzia Septemba kwenda mwisho wa mwaka, hewa imejaa maji na picha inasuasua. Mwanga unasaidia kuliko watu wanavyojua, picha mbichi ukiifungia stoo gizani inachelewa na inageuka manjano. Vitabu vya Ulaya vinasema studio iwe na dirisha la kaskazini kwa sababu kule jua halipiti upande huo, sasa sisi Ikweta iko hapo Kayabwe tu kwenye barabara ya Masaka, jua linakuwa kaskazini yetu kuanzia Machi mpaka Septemba halafu linahamia kusini, kwa hiyo mimi nina madirisha mawili na pazia moja linalohama nalo. Juani kabisa siweki, juu inawahi kufunga na inajikunja kama uso wa uji.

Na hili nalisema kwa uzito wote: vitambaa vya kufutia vyenye mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona. Vinavuta oksijeni kama picha, na kazi hiyo inatoa joto, kwenye kanvasi joto linapotea lakini kwenye rundo linajifungia humo humo mpaka vinashika moto vyenyewe, hakuna kiberiti wala sigara. Mimi navianika kimoja kimoja kwenye waya nje, vikishakuwa vikavu ndo natupa.

Picha ya mzee niliirekebisha. Nilikwangua kanzu yote na kisu cha rangi, nikafuta wekundu pale ulipoingia, uso sikuugusa. Safari hii nikaipaka kanzu nyembamba mara tatu badala ya nene mara moja, nikakaa nayo wiki 7 dirishani, yule kijana akaipeleka bila kuifunga na chochote, ameishika kwa fremu. Vanishi sikuweka, kwa picha kama hiyo nangoja miezi 6 mpaka mwaka, kwa sababu vanishi ikiwahi inashikana na rangi mbichi na haitatoka tena siku utakapotaka kuisafisha.

Mwezi wa nane tangu niikabidhi nilikwenda kwa mzee mwenyewe kuijaribu. Alinikaribisha sebuleni, akanitolea chai, akasimama pembeni anaangalia. Nikachukua pamba nikailowesha kidogo na spiriti nyeupe nikapitisha kwenye uso, pamba safi. Kwenye kanzu, safi. Kwenye koti, safi. Nilipofika kwenye omuleela pamba ikatoka na waridi kidogo kwenye ncha. Nikamwonyesha, nikamwambia mzee bado, akaishika ile pamba akaisogeza karibu na macho, akasema sawa mwanangu, rudi baada ya Ramadhani.