Je, wajua kwa nini baridi yabisi na fizi mbovu hufuatana?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu tayari. Vidole vya mwenye baridi yabisi vimekakamaa, mswaki haushikiki sawasawa, ukoga unabaki kwenye meno, fizi zinavimba na kutoka damu. Basi, yameisha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linaianza hadithi katikati.

Tutenganishe kwanza. Iko baridi yabisi ya gegedu, ile tabaka laini ya ncha za mifupa, kulika taratibu, na hapo jibu langu la zamani linatosha kwa kiasi kikubwa. Iko nyingine, ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vya mwenyewe. Kioja kipo kwenye hii ya pili. Kuna watu ambao damu yao imeshaonyesha dalili za awali za ugonjwa huu, lakini hakuna kiungo kilichovimba. Hao nao wamekutwa na ugonjwa wa fizi zaidi kuliko wenzao, na mswaki wanaushika vizuri tu! Kwa hiyo vidole haviwezi kubeba lawama yote.

Mmoja wa washukiwa ni bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis, mkazi wa kile kijifuko kati ya jino na ufizi. Ana kimeng'enya kinachoibadilisha asidi amino ya ajinini, iliyomo ndani ya protini, kuwa sitrulini. Chukulia protini ni shati, na ajinini ni vifungo vyake. Ajinini ina chaji ya umeme inayosaidia kuishikilia protini katika umbo lake, sitrulini haina. Kifungo kikitoka, shati ni lilelile, mwenye shati ni yuleyule, ila sasa limekaa upande. Kinga ya mwili ni mlinzi wa lango anayewatambua wakazi kwa jinsi shati linavyokaa. Akimwona huyu wa shati la upande, anaweza kumhesabu mgeni na kutoa amri akamatwe. Amri ikishatoka haibaki mdomoni. Kingamwili, protini za kinga zinazoibeba amri hiyo, husafiri na damu, na kwenye viungo pia zipo protini zilizopoteza vifungo. Daktari anayepima baridi yabisi hutafuta kingamwili za namna hiyohiyo kwenye damu, na zinaweza kuwepo miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuuma.

Hapa tupunguze mwendo. Mwili wenyewe una vimeng'enya vya kazi hiyohiyo, bakteria mwingine wa fizi anashukiwa pia, na sigara huchochea magonjwa yote mawili. Kufuatana si kusababishana. Majaribio madogo yameonyesha viungo kupata nafuu kidogo baada ya fizi kutibiwa, lakini madogo ni madogo. Wazo hili lilishawahi kupanda watu kichwani: mwanzoni mwa karne ya 20, wafuasi wa madaktari kama Frank Billings wa Chicago waling'oa meno kwa wingi, mengine mazima, wakitumaini kuponya viungo. Viungo viliendelea kuuma, sasa bila meno.

Vidole navyo vina haki yao. Mpini mwembamba unadai ngumi ikazwe, na ngumi ndiyo inayouma. Uviringishie sponji au kitambaa mpaka unene, au tumia mswaki wa umeme, ambao mpini wake kwa kawaida ni mnene na kichwa chake husugua chenyewe. Brashi ndogo za kupitisha katikati ya meno ni rahisi kushika kuliko uzi. Mdomo ukikauka, mwambie daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hupungukiwa mate, na mate ndiyo yanayoyaosha meno saa zote ambazo mswaki umepumzika. Mtajie pia dawa unazotumia: methotreksati, dawa ya baridi yabisi, kwa mfano, huweza kuleta vidonda mdomoni, navyo ni rahisi kudhaniwa ni kosa la mswaki.